Mdogo Wangu Aliinuka Kwenye Kunyolewa

Idi ya mwaka 2017 tuliitazama Dangal sebuleni kwa Mama, Ngamiani, Tanga. Kijana wa mdogo wangu wa mwisho ndiye aliyeileta kwenye flashi, ikiwa imeshatiwa Kiswahili na mmoja wa wale watafsiri wanaosema peke yao kwa niaba ya wahusika wote, mwanamume, mwanamke, mtoto na mbuzi. Mama hakumhitaji. Anaangalia filamu za Kihindi tangu usichana wake, siku ambazo sinema ya Majestic ilikuwa ikijaa hadi watu wanakaa chini, na Mother India ya mwaka 1957 anaisimulia kama anavyosimulia habari za shangazi yake. “Mnyamazisheni huyo,” alisema, “anatupigia kelele.” Hakuna aliyejua namna ya kumnyamazisha.

Tulikuwa binti wanne wa Mama, wajukuu wasiohesabika, na sinia la visheti. Tulicheka pamoja. Kisha ikafika pale wale wasichana wawili wanapolalamika kwamba mchanga unawaingia kichwani na chawa wamejaa, na baba yao, badala ya kuwapunguzia mazoezi, anamwita kinyozi. Nywele zikaanza kuanguka. Watoto wanalia, kinyozi anasita, baba kasimama kama nguzo.

Mdogo wangu anayenifuata aliinuka. “Naenda kuangalia chai,” alisema. Chai ilikuwa kwenye chupa, mezani, mbele ya macho yetu sote.

Hakuna aliyemfuata. Mama alinitazama mimi, halafu akarudisha macho kwenye runinga.

Kwa asiyeijua, Dangal ni filamu ya mwongozaji Nitesh Tiwari iliyotoka Desemba 2016, na jina lake maana yake ni shindano la mieleka. Aamir Khan anaigiza kama Mahavir Singh Phogat wa kijiji cha Balali, jimbo la Haryana, kaskazini mwa India. Huyu ni mpiga mieleka aliyeacha mchezo kwa sababu mieleka haikumlisha, kabla hajaipatia nchi yake medali ya kimataifa, akajiapiza kwamba mwanawe wa kiume ndiye atakayeileta. Mkewe akajifungua mtoto wa kike. Kila jirani akaja na dawa yake ya kupata wa kiume. Wa pili akawa wa kike, wa tatu vilevile, na wa nne. Mzee akakata tamaa, hadi siku wale wakubwa wawili, Geeta na Babita, walipowapiga wavulana wa jirani wakavimba uso. Hapo akatambua kwamba dhahabu ni dhahabu, haiulizi aliyeileta ni mwanamume au mwanamke. Kesho yake saa kumi na moja alfajiri watoto walikuwa barabarani wanakimbia.

Kisa ni cha watu wa kweli. Na ili kukielewa ni lazima ujue Haryana ni mahali gani. Sensa ya mwaka 2011 ilikuta huko wanawake 879 kwa kila wanaume 1,000, na kwa watoto wasiotimiza miaka saba ilikuwa wasichana 834 kwa wavulana 1,000. Hesabu kama hiyo haiji yenyewe. Tangu 1994 sheria ya India inakataza kupima mimba ili kujua jinsia ya mtoto, na sababu ya kuikataza unaiona hapo kwenye namba. Kwa hiyo baba mwenye binti wanne pale Balali hakuwa anabebeshwa aibu ya kawaida ya mtaani. Aliishi katika jimbo ambamo binti wengi hawakuruhusiwa hata kufika duniani wakamtia aibu mtu.

Kwetu Tanga hatukufikia huko. Kwetu mtoto wa kike alizaliwa, akaoshwa, akaadhiniwa, akachinjiwa mbuzi mmoja wa akika pale ambapo wa kiume huchinjiwa wawili. Baba alikuwa akisema, kwa utani ambao Mama hakuwahi kuucheka, kwamba kwa binti wanne ameokoa mbuzi wanne.

Lakini alimtaka mtoto wa kiume, hilo halikuwa siri. Mkunga alipotoka chumbani kwa mara ya nne na kusema “wa kike”, Baba alijibu “Alhamdulillahi”, akarudi kazini na mlango akauacha wazi. Mwaka uliofuata alioa mke wa pili, Muheza. Mke wa Muheza akamzalia binti wawili kwa mpigo, pacha. Mama anasema alicheka siku mbili, siku ya tatu akapika wali akampelekea mke mwenzake.

Baba alikuwa fundi baiskeli. Mjini kwetu fundi baiskeli si mtu mdogo: Tanga ni tambarare, barabara za Ngamiani zimenyooka na zina namba kama daftari la hesabu, na miaka ile mtu mzima asiye na baiskeli ilibidi aeleze kwa nini. Kazi yake aliifanyia chini ya mkungu, mbele ya nyumba. Palikuwa na benchi moja, beseni la maji, kopo la solusheni, sanduku la spana, na ringi zilizotundikwa kwenye misumari aliyoigongomea kwenye shina. Wateja walileta Raleigh zilizorithiwa, Phoenix za Kichina, Avon za Kihindi.

Baada ya pacha wa Muheza aliniita mimi, mkubwa. Nilikuwa na miaka tisa. Hakunieleza kitu. Alinipa tyubu akasema, “Tafuta.” Unaijaza upepo, unaizamisha kidogo kidogo kwenye beseni, unasubiri povu. Ukiliona unaweka kidole, unafuta maji, unakwangua kwa msasa hadi mpira uwe mweusi wa vumbi, unapaka solusheni, unasubiri. Kusubiri ndiko alikokufundisha kwa fimbo. Mtoto hupenda kubandika kiraka solusheni ikiwa bado mbichi, na kiraka hicho hakifiki hata Chumbageni. Nilichapwa kwa kipande cha mpira wa tyubu mara nyingi kiasi kwamba hadi leo nikipaka gundi yoyote, hata ya kubandika picha ya pasipoti, ninahesabu kimoyomoyo.

Kisha ikaja miaka ya uhaba. Mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, tairi zilipotea madukani na hazikuonekana hata kwa magendo. Tulishona tairi zilizopasuka kwa uzi wa katani, mimi nikiwa ndani ya duara la tairi nimeshika sindano ya magunia, Baba akivuta upande wa pili. Watu walisimama kututazama. Mzee mmoja wa msikitini alikuja kumwambia, kwa nia njema kabisa, “Fundi, mtoto wa kike huyu utamwoza nani, na mikono yote grisi?”

“Nitamwoza mwenye baiskeli,” Baba akajibu, na hakuinua kichwa.

Ndio maana nilipoiona Dangal nililitambua lile jicho la Mahavir. Kuna wimbo ndani ya filamu, Haanikaarak Bapu, wasichana wanamlalamikia baba yao kwa maneno ya onyo la pakiti ya sigara: kwamba baba huyu ni hatari kwa afya. Nilicheka hadi machozi. Mahavir anawavalisha kaptula za binamu yao, anawakataza vitu vya ukali na vya kukaanga, analeta kuku nyumbani ambamo mke hataki nyama ipite jikoni mwake, na kijiji kizima kinamwona kichaa. Baba naye aliwahi kunitoa kwenye chandalua siku ya pili ya malaria kwa sababu mteja wa mbali ameleta ringi.

Ringi hiyo niitaje, kwa sababu ndiyo siku yangu kubwa. Ilikuwa imepinda kwa kugonga ukingo wa barabara. Kunyoosha ringi ni kazi ya sikio na ya mkono: unaizungusha, unatazama inapogusa, unakaza spoku ya kulia robo duara, unalegeza ya kushoto robo duara, unazungusha tena. Mtu mwenye pupa huikaza yote siku moja ikawa yai. Nilikuwa na miaka kumi na mbili, kichwa kinaniuma, nikakaa nayo tangu asubuhi hadi adhuhuri. Baba alikuja, akaizungusha mara moja, akaiacha ijizungukie hadi ikasimama yenyewe. Mteja alipotoa pesa akamnyooshea yeye. Baba akaficha mikono nyuma. “Mlipe fundi,” akasema, akanionyesha kwa kidevu.

Hakusema jingine wala sikuhitaji. Toka siku ile mtaa mzima uliniita Fundi Mdogo, na nilitembea Ngamiani kama mtu aliyeachiwa urithi.

Filamu ina tukio jingine ambalo wanawake waliokuwa sebuleni siku ile walilitazama kimya. Wasichana wanatoroka mazoezi kwenda kwenye harusi ya rafiki yao. Wanacheza, baba anawafumania, anaharibu sherehe. Baadaye wanakaa na bibi harusi, mtoto wa miaka kumi na minne, wanamlalamikia jinsi baba yao alivyo mkatili. Bibi harusi anawaambia kwamba angetamani yeye angekuwa na baba wa namna hiyo, anayemwona mwanawe kuwa mtu, kwa sababu wa kwake amemfundisha kupika na kufagia, na sasa anampa mwanamume asiyemjua. Kutoka hapo wasichana wanaamka wenyewe alfajiri bila kuitwa.

Mama alisema polepole, “Kweli.” Alikuwa na haki ya kusema. Yeye mwenyewe aliolewa na miaka kumi na mitano. Na haya si mambo ya Balali peke yake: miezi mitano kabla Dangal haijatoka, Julai 2016, Mahakama Kuu ya Tanzania, katika kesi iliyofunguliwa na Rebeca Gyumi, ilitamka kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu msichana kuolewa na miaka 15, na hata 14 kwa ruhusa ya mahakama, vinapingana na Katiba. Mahakama ya Rufani ikaikazia hukumu hiyo Oktoba 2019.

Nami nilisema kweli, siku ile. Usiku nilipolala ndipo nikaanza kumdai mwongozaji. Ametuwekea mbele baba wawili tu, mmoja anayekuoza na mmoja anayekunyoa, halafu anatuuliza tuchague. Ukibanwa hivyo utamchagua wa kunyoa, na utamshukuru. Ila duniani kuna baba wa tatu na wa nne, na kuna siku baba huyohuyo mmoja anakuwa wote.

Mwaka 1987 nilikuwa nimeshakwenda sekondari ya bweni, mkoa mwingine. Nafasi yangu chini ya mkungu akapewa mdogo wangu. Alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la tano, na grisi ilimtia kichefuchefu. Alichopenda ni nywele. Aliwasuka wanawake wa mtaa mzima, twende kilioni, mabutu, mitindo yenye majina ya filamu, na zake mwenyewe zilikuwa zimefika mabegani, kitu ambacho sisi wengine hatukujaaliwa. Baba hakuona tofauti kati yetu. Mimi niliiva kwa fimbo na kusubiri, naye ataiva vivyo hivyo. Alimpa tyubu akamwambia, “Tafuta.”

Jumamosi moja palikuwa na harusi barabara ya pili yake, ngoma imeanza. Akaenda kuchungulia. Dakika kumi, anasema yeye, na ninamwamini. Aliporudi, Phoenix mpya ya mteja iliyokuwa imeegeshwa kwenye mkungu haikuwepo.

Baiskeli mpya mwaka ule ilikuwa mali. Baba alilipa kwa miezi, aliuza hata redio. Lakini siku yenyewe hakumpiga. Mama anasema ingekuwa afadhali ampige. Alimkalisha kwenye benchi, mbele ya watu waliokuwa wametoka harusini na vyetezo mkononi, akachukua mkasi tuliokatia viraka vya tyubu, akamkata, akamalizia kwa wembe. Mkasi ule ulikuwa butu. Ulikuwa wa kukatia mpira.

Alipokwenda shule Jumatatu, saa nne alisharudi. Wiki tatu alilala chumbani kwa Mama na kanga kichwani. Baadaye alirudi darasani, akakaa nyuma, na mwalimu aliyekuwa akimsifu kwa kusoma kwa sauti hakuisikia tena sauti yake. Darasa la saba alimaliza kwa kuhudhuria tu. Aliolewa na miaka kumi na saba, kwa hiari, na aliniambia wakati mmoja kwamba angeolewa hata na nguzo ya umeme, mradi imesimama nje ya nyumba ile.

Na mimi? Mama aliniandikia barua shuleni: mdogo wako kanyolewa, lakini mzima. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, Fundi Mdogo, mtoto wa kwanza wa kike wa mtaa wetu kwenda bweni. Nikaandika jibu kwamba kazi ni kazi, na angetulia kwenye benchi baiskeli isingeibwa. Barua hiyo mdogo wangu anayo hadi leo. Alinionyesha mara moja, akaikunja, akairudisha kwenye bahasha yake.

Siku ile ya Idi alirudi sebuleni filamu inaelekea mwisho, na birika la chai nyingine ambayo hakuna aliyeiagiza. Akasimama mlangoni.

“Ameshinda?” akauliza.

“Ameshinda,” nikamjibu.

“Ndio maana wakamtolea sinema.”

Akamimina chai. Sikupata cha kumwambia, na miaka yote hii nimekuwa nikimjibu kichwani.

Kwa sababu ni kweli, medali ndiyo inayomwosha yule mzee. Kila kofi, kila kinyozi, kila usingizi uliokatizwa unageuka kuwa hekima pale wimbo wa taifa unapopigwa. Geeta Phogat wa kweli alichukua dhahabu ya kilo 55 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 2010, Delhi, mwanamke wa kwanza wa India kuipata katika mieleka ya michezo hiyo. Babita akachukua fedha mwaka huohuo na dhahabu Glasgow mwaka 2014. Baba yao alipewa tuzo ya Dronacharya, ambayo India huwapa makocha, mwaka 2016. Filamu yenyewe ilipofika China mwaka 2017 ilifanya mauzo ambayo filamu ya Kihindi haikuwahi kuyafanya huko. Nani ataulizia nywele?

Na bado haikutosha, ilibidi waongeze chumvi. Katika filamu kocha mwenye wivu anamfungia Mahavir stoo ili asimwone bintiye akicheza fainali, na mzee anajua matokeo kwa kuusikia wimbo wa taifa kupitia ukutani. Halikutokea hilo. Fainali yenyewe Geeta aliimaliza katika raundi mbili, dhidi ya Emily Bensted wa Australia, bila presha ya sekunde za mwisho tuliyoonyeshwa. Siwalaumu, sinema ni sinema. Ila naona baba alihitaji kuonewa kidogo ili tusikumbuke kwamba naye alionea.

Walichokiacha nje kinaniuma zaidi. Mahavir alilea pia binti wawili wa marehemu kaka yake, Vinesh na Priyanka. Filamu haiwataji. Vinesh ndiye aliyekuja kufika mbali kuliko wote: dhahabu ya Michezo ya Asia mwaka 2018, kisha Agosti 2024, mjini Paris, akafika fainali ya Olimpiki ya kilo 50. Asubuhi ya fainali alipimwa akakutwa amezidi gramu 100. Akaondolewa, bila medali yoyote, baada ya usiku mzima wa kukimbia na kujikausha maji. Hata nywele alikatwa usiku ule, kupunguza uzito.

Niliisoma habari hiyo kwenye simu nikiwa kwenye daladala, nikapitiliza kituo changu. Mtoto wa nyumba ileile, alfajiri zilezile, mchanga uleule, na mwisho wake gramu mia, uzito wa kiganja cha mchele. Aliporudi Delhi watu walijaa barabarani kumpokea kama mshindi, na ninawapenda kwa hilo. Nikajiuliza: kama ingekuwa Geeta ndiye aliyezidi gramu mia mwaka 2010, yule baba angekuwa nani kwetu? Angekuwa mzee wa Balali aliyewanyoa watoto wake.

Kuna jambo nililiona nilipoitazama mara ya pili, peke yangu. Anayesimulia Dangal si Geeta wala Babita. Ni binamu yao wa kiume, Omkar. Yeye ndiye anayetuchekesha na kutueleza walivyojisikia. Juu yake, kwenye nakala yetu, akaongezwa yule mtafsiri wa Kiswahili, mwanamume wa pili. Nywele zao zinakatwa na anayesimulia ana zake kichwani. Nikakumbuka kwamba nyumbani kwetu pia hadithi ya Baba imekuwa ikisimuliwa na mmoja tu, kwenye harusi, kwenye arobaini, darasani kwangu ninapofundisha ufundi: habari ya ringi, habari ya “mlipe fundi”. Omkar wa nyumba yetu ni mimi.

Haki ya Baba nayo niitoe, kwa sababu alikuwa nayo. Katika filamu Geeta anarudi kutoka chuo cha taifa cha michezo, nywele zimeota, kucha kapaka rangi, kajifunza mbinu mpya, anapigana na baba yake mchangani na kumwangusha. Aamir Khan alinenepa hadi karibu kilo 97 kwa ajili ya umri ule, na sehemu za uzee walizipiga kwanza, kisha akakonda kwa za ujana. Ile pumzi inayomkata si ya kuigiza tu. Yetu ilikuwa mwaka 1994. Zilianza kuingia baiskeli za gia, mitumba ya Ulaya na Japani. Baba alihangaika na moja tangu asubuhi, mnyororo unaruka, wateja wanatazama. Nilikuwa likizo. Nikapiga goti, nikalegeza waya, nikakaza skrubu mbili ndogo, ikashika. Niliona raha, nikairudia mbele ya watu, juu, chini, juu, chini, hapakuwa na haja. Baba alifuta mikono akaenda msikitini, na adhuhuri ilikuwa bado saa nzima.

Wiki tatu hakunisemesha zaidi ya kuitikia shikamoo yangu. Siku ninayofunga begi alikuja mlangoni. “Ule waya,” akasema, “ulianza kuulegeza wapi?” Nikamwonyesha kwa kidole kwenye begi, kana kwamba begi ni baiskeli. Alitazama kwa makini kama mwanafunzi. Baba yake na yeye hawakuwahi kuulizana kitu.

Filamu inaishia kwa neno moja. Mahavir anaishika medali, anamtazama bintiye, na neno ambalo amemnyima tangu utotoni linamtoka. Mtafsiri wetu alilifunika kabisa, maana alikuwa ameanza kutangaza kibanda chake. Mama ndiye aliyetugeukia. “Kasema shabashi,” alisema. Neno letu lenyewe, halikuhitaji kutafsiriwa.

Baba hakulitamka kwa yeyote kati ya binti zake sita. Alifariki Julai 2011, mwezi wa Shaaban, Ramadhani ikibisha hodi. Kiharusi kilikuwa kimemchukua upande wa kulia, mkono wa spana. Nilitoka Dar es Salaam kila mwisho wa wiki, nikawa ninamsomea magazeti. Kumlisha na kumgeuza walishika zamu wadogo zangu wawili wa mwisho.

Siku zake za mwisho alimwomba Mama amwite yule anayenifuata. Wakati huo alikuwa na saluni yake, jirani tu, viti viwili na kioo. Alikuja na mkasi wake mzuri na mashine. Baba akagusa kichwa chake kwa mkono wa kushoto. Mdogo wangu alimkalisha, akamfunga taulo shingoni, akamnyoa taratibu hadi nyuma ya masikio, akampangusa, akampaka mafuta. Ilichukua saa nzima. Mama na mimi tulisimama ukumbini tukidhani tutasikia kitu, lakini mle ndani hapakusemwa neno.

Nilimuuliza usiku ule kama amemsamehe. Alikuwa anasafisha mashine kwa brashi ndogo.

“Sijamsamehe,” alisema. “Nimemnyoa. Nywele zilikuwa zimerefuka.”

Baba alifariki siku ya tisa, alfajiri. Waoshaji hawakuwa na kazi kichwani.